Kufufua Kompyuta ya Zamani

Mtu akiikuta kompyuta ya miaka ya 1980 katika stoo ya shule au ya ofisi, jambo la kwanza analolitamani ni kuichomeka kwenye umeme aone kama bado inafanya kazi. Tendo hilo la sekunde moja ndilo linalozimaliza mashine nyingi zilizokuwa zimenusurika miaka 30 au 40 ya kusahauliwa. Kompyuta iliyolala kwa muda wote huo si sawa na redio iliyozimwa jana usiku. Umeme ulikatwa, lakini kemia haikukatwa: betri imeendelea kuvuja, tabaka nyembamba ndani ya kapasita zimeendelea kupungua, vumbi limeendelea kunyonya unyevu, na ukungu umeota juu ya diski. Kuifufua ni kwanza kuyatambua mambo hayo, kisha kuyashughulikia kwa utaratibu, na umeme uje mwishoni.

Kwa Tanzania jambo hili lina uzito wake. Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kufikia mwaka 1974 zilikuwapo kompyuta saba tu, na mwaka huo huo Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Kwa hiyo kampuni ya IBM ilipoitoa PC yake ya kwanza mwezi Agosti 1981, na mashine ndogo za mezani zilipoanza kuenea duniani, huku ziliingia moja moja na kwa ruhusa. Hata jina lilisumbua. Wengine waliiita ngamizi, neno ambalo kwa bahati mbaya linamkumbusha msikilizaji kitenzi kuangamiza, wengine tarakilishi, na umma, kama kawaida yake, ukaamua kusema kompyuta. Ni dhahiri basi kwamba mashine ya miaka hiyo inayopatikana leo katika ghala la chama cha ushirika, misheni au shule ni kitu adimu. Adimu zaidi ni diski zilizo kando yake, kwa maana mara nyingi yaliyoandikwa humo hayakuwahi kunakiliwa mahali pengine popote.

Tuseme mashine hiyo imepatikana katika shule moja huko Nanyala, Wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Hapo mazingira yenyewe yanafaa kusomwa kabla ya mashine. Ni nchi ya mawe ya chokaa, ambako mawe huchimbwa na kuchomwa, na wakati wa kiangazi vumbi jeupe hutua juu ya kila kitu. Kuanzia Novemba hadi Aprili huja mvua, na hewa ya nyanda za juu huwa na unyevu mwingi. Vumbi kavu juu ya ubao wa saketi halina madhara makubwa. Vumbi lililonyonya maji ni jambo jingine, kwa sababu chumvi zilizomo huyeyuka na kuufanya uchafu huo kuwa njia ya umeme kati ya waya na waya. Zaidi ya hayo, chokaa iliyochomwa ikikutana na maji hutoa alikali kali, nayo alikali hula alumini. Ndiyo sababu mashine iliyotolewa stoo haina budi kufunguliwa na kuachwa mahali pakavu siku kadhaa, kisha kupigwa brashi laini ya rangi na kupulizwa kwa hewa kavu. Kitambaa kibichi hakifai katika hatua hii. Kitalisambaza vumbi na kuligeuza tope.

Baada ya vumbi huonekana adui mkubwa kuliko wote, yaani betri. Katika kompyuta nyingi za jamii ya IBM zilizotengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1980, hasa zile zilizonakiliwa na kampuni nyingine kutoka AT ya mwaka 1984, kuna betri ndogo ya volti 3.6 iliyounganishwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu. Kazi yake ni kuiendesha saa na kuhifadhi orodha ya vifaa pindi mashine inapozimwa. Betri hiyo ni ya nikeli na kadimiamu, na kimiminika chake ni potasiamu haidroksaidi. Ikizeeka huvuja. Majimaji hayo hutambaa chini ya rangi ya kijani ya ubao, huzifuata njia za shaba, hupanda hata ndani ya soketi za vipande vya elektroniki vilivyo jirani. Yakikutana na hewa huvuta kaboni dioksaidi na kuwa potasiamu kabonati, ambayo ndiyo hiyo hiyo hupatikana mtu anapochuja maji ya majivu ya kuni. Dalili zake ni ukoko mweupe, na mahali shaba ilipoguswa, rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani.

Hapa mwalimu wa kemia ana somo lililo tayari. Mwanafunzi wa Nanyala amekwisha kuona kwamba jiwe la chokaa likidondoshewa asidi hutoa mapovu. Ukoko wa betri ukiguswa kwa pamba yenye siki nao hutoa mapovu, kwa sababu ile ile: kabonati ikikutana na asidi hutoa gesi ya kaboni dioksaidi, na hubaki chumvi na maji. Pale ambapo alikali haijageuka kuwa kabonati hakutakuwa na mapovu, lakini siki itaizimua vile vile. Betri yenyewe hukatwa kwanza na kutolewa. Kwa kuwa ina kadimiamu, ambayo ni sumu, haitupwi shimoni wala kuchomwa motoni pamoja na takataka, na mikono ivikwe glovu. Baada ya siki ubao huoshwa kwa maji yaliyotoneshwa, mara mbili au tatu, kwani siki iliyoachwa huendelea kuila shaba kama alikali ilivyokuwa ikiila. Mwisho hupanguswa kwa spiriti safi ya isopropili, ambayo huondoka na maji yaliyosalia. Spiriti ya taa yenye rangi huacha utando. Heri kukosa kuliko kuitumia hiyo.

Njia ya shaba iliyokatika hugunduliwa kwa mita, ikipimwa ukinzani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na kuungwa kwa waya mwembamba na solda. Kazi hii mafundi redio wa Vwawa na Tunduma huifanya kila siku katika simu, tena katika nafasi iliyo ndogo zaidi. Shule isione haya kuwaita. Ipo dhana iliyoenea kwamba kompyuta ni kazi ya wataalamu wa kompyuta. Kwa mashine za kizazi hiki fundi redio mzuri ana faida kuliko mtu anayejua programu peke yake.

Badala ya betri iliyotolewa huwekwa kishikio cha betri tatu za kawaida za volti 1.5, kikae mbali na ubao, kando ya sanduku. Hiyo ni volti 4.5. Lakini ubao ulitengenezwa kuichaji betri yake, na betri za kawaida zikichajiwa huweza kupasuka. Kwa hiyo katikati huwekwa dayodi, ambayo huruhusu mkondo kwenda upande mmoja tu na yenyewe hupunguza karibu volti 0.7. Zinabaki volti 3.8, kiasi kinachotosha.

Kisha huja kisanduku cha umeme. Kwanza itazamwe swichi ndogo nyekundu au nyeusi iliyo nyuma, yenye maandishi 115 na 230. Mashine nyingi zilitoka Marekani zikiwa zimewekwa kwenye 115, nazo zikichomekwa hivyo kwenye umeme wa Tanzania wa volti 230 huungua mara moja, kwa kishindo. Swichi hiyo imeua kompyuta ambazo hazikuwa na ugonjwa wowote.

Ndani ya kisanduku hicho umeme wa mkondo geu hugeuzwa kwanza kuwa mkondo mnyoofu. Kilele cha volti 230 ni 230 zidisha kwa kipeo cha pili cha 2, yaani karibu volti 325, na kiasi hicho hugawanywa kwa kapasita mbili kubwa, kila moja ikishika karibu volti 162. Tuchukue kapasita ya maikrofaradi 470. Nishati iliyomo ni nusu ya zao la kapasitansi na volti mraba, yaani karibu jouli 6 kwa kila moja. Jouli 12 kwa pamoja, katika volti 325, si mchezo hata kidogo, na hubaki humo baada ya plagi kuchomolewa. Fundi mwangalifu huzimaliza kwa rizista ya omu 10,000 yenye uwezo wa wati 5. Muda wa tabia wa saketi hiyo ni 470 kwa milioni zidisha 10,000, yaani sekunde 4.7, na baada ya mara tano ya muda huo, karibu nusu dakika, chaji iliyobaki haifiki sehemu moja kwa mia. Kisha hupimwa kwa mita kabla ya mkono kuingia. Kuzigonga ncha zake kwa bisibisi, kama wafanyavyo wengine, huharibu kapasita na huweza kumharibu mtu. Ama kioo cha kompyuta, ambacho mrija wake hutumia volti zaidi ya 10,000, shule isikifungue kabisa. Kipanguswe kwa nje na kuachwa.

Kwa nini kapasita hizo hudhoofika zikikaa? Kihami kilichomo ni tabaka jembamba mno la oksaidi ya alumini lililojengwa kwa umeme juu ya karatasi ya alumini. Kapasita ikitumika, umeme wenyewe hulikarabati tabaka hilo. Ikikaa miaka bila umeme tabaka hupungua, na volti kamili zikiingia ghafla mkondo huvuja, kapasita hupata joto, na pengine hupasuka. Dawa ni kuingiza umeme kwa kizuizi, na hapa kuna kifaa cha kale cha mafundi redio kisichogharimu kitu: balbu ya nyuzi iliyoungwa mfululizo na kifaa kinachojaribiwa. Balbu ya wati 100 katika volti 230 hupitisha ampea 0.43, nayo ikiwaka kikamilifu ina ukinzani wa omu 529. Hivyo hata kama ndani ya kisanduku kuna waya zilizogusana kabisa, mkondo hauwezi kupita 0.43. Balbu ikimulika mara moja na kufifia, kapasita zimejaa na mambo ni salama. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, plagi ichomolewe, kwani kuna hitilafu. Inafaa kukumbuka kwamba balbu za kisasa za LED hazifanyi kazi hii. Ni uzi wa moto tu wenye tabia ya kuwa na ukinzani mdogo ukiwa baridi na mkubwa ukipata joto.

Kisanduku hujaribiwa kikiwa peke yake, bila kompyuta, lakini si bila mzigo. Vingi vya aina hii hukataa kuanza kama hakuna kinachotumia umeme wake. Rizista ya omu 5 yenye uwezo wa wati 10 huungwa kwenye waya wa volti 5, nayo hutumia ampea 1. Balbu ya gari huungwa kwenye volti 12. Jaribio likikamilika kwa balbu ya mfululizo, hurudiwa bila balbu hiyo. Hapo hupimwa: volti 5 isipungue 4.75 wala kuzidi 5.25. Vipande vya enzi hiyo havivumilii. Kisanduku kibovu kinachotoa volti 7 badala ya 5 huua kwa dakika moja kile ambacho miaka 40 ilishindwa kukiua.

Upande wa ubao, kabla ya kuunganisha, hupimwa ukinzani kati ya kila waya wa umeme na ardhi. Katika PC na XT kapasita ndogo za tantalamu, zenye umbo la tone, zina ugonjwa wa kugeuka kuwa waya, hasa zile zilizo kwenye volti 12. Kisanduku cha umeme kikihisi hivyo hujifunga, na mtumiaji huona mashine iliyokufa kabisa ilhali kilichoharibika ni kitu kidogo kuliko punje ya hindi. Vile vile vipande vilivyo kwenye soketi hujiinua kidogo kidogo kutokana na joto na baridi ya miaka, na mara nyingi kuvikandamiza kwa kidole kunatosha. Mtu aguse kwanza sanduku la chuma ili chaji tuli ya mwili wake iondoke.

Yote yakiwa sawa, IBM ya asili hujichunguza yenyewe na kulia mara moja, mlio mfupi. Isipokuwa sawa huandika namba. 301 ni kibodi. 601 ni kiendeshi cha diski laini. 1701 ni diski ngumu. 161 katika AT ni betri ya saa, namba ambayo haishangazi kitu. Inayopendeza kuliko zote ni 201, kosa la kumbukumbu. Katika PC na XT kumbukumbu imepangwa kwa safu za vipande tisa, vinane vya biti za baiti moja na cha tisa cha kukagua. Mbele ya 201 mashine huandika tarakimu nyingine, na mbili za mwisho kati ya hizo hutaja biti yenye kasoro kwa hesabu ya kumi na sita: 01 ni biti ya kwanza, 02 ya pili, 04 ya tatu, 08 ya nne, na kuendelea hadi 80, ambayo ni ya nane, 00 ni kile cha kukagua. Mwanafunzi akiona 04 huhesabu hadi kipande cha tatu cha safu iliyotajwa, hukibadilisha, na mashine hupona. Ni vigumu kupata mfano mwingine wa hesabu ya jozi unaoshikika hivyo mkononi. Katika simu ya leo kumbukumbu yote imo ndani ya kipande kimoja ambacho hakuna anayeweza kukifungua.

Kuhusu rangi ya njano ya sanduku la plastiki, wapo wanaoiondoa kwa haidrojeni peroksaidi na mwanga wa jua. Inawezekana. Lakini njano haimzuii mtu kuandika barua, na nguvu hizo zingefaa zaidi kwenye diski.

Diski ndizo za kuhofiwa kupotea. Diski laini ya inchi 5¼ iliyotumiwa na XT ina njia 40 za mviringo kila upande, kila njia ina sehemu 9, kila sehemu baiti 512. Zidisha kwa pande mbili: ni baiti 368,640, yaani kilobaiti 360. Ni kidogo sana kwa kipimo cha leo, lakini zinatosha kurasa zipatazo 150 za barua, mihutasari ya mikutano au hesabu za mauzo ya kahawa. Kabla ya kuingiza diski yoyote katika mashine iliyofufuliwa, pengo lililo ubavuni mwake lizibwe kwa karatasi yenye gundi, ili kiendeshi kishindwe kabisa kuandika. Kisha itazamwe uso wake kupitia tundu. Madoa ya kijivu yenye umbo la utando ni ukungu. Diski yenye ukungu ikizungushwa, uchafu hung'ang'ania kichwa cha kusomea, nacho kichwa hukwangua diski ile na zote zitakazofuata. Kichwa husafishwa kwa spiriti, na diski ya kwanza kujaribiwa iwe ile isiyo na thamani. Kiendeshi cha AT cha megabaiti 1.2 huweza kusoma diski za kilobaiti 360, lakini kwa kuwa njia zake ni 80 na ni nyembamba, kisitumiwe kuziandikia.

Mafaili yakisha kunakiliwa na kupelekwa kwenye kompyuta mpya, huweza kutokea jambo la kushangaza. Maandishi mengi ya miaka ya 1980 yaliandikwa kwa programu ya WordStar. Herufi ya kawaida huhitaji biti saba tu, na WordStar iliitumia biti ya nane kuweka alama yake kwenye herufi ya mwisho ya neno, yaani iliiongezea namba yake 128. Kompyuta ya leo, ikisoma kwa orodha ya Latin-1, huiona kuwa herufi ngeni. Herufi a ni 97, ikawa 225, ambayo ni á. Herufi i ni 105, ikawa 233, yaani é. Herufi e huwa å, o huwa ï, na u huwa õ. Kwa kuwa maneno ya Kiswahili karibu yote huishia kwa irabu, ukurasa mzima hujaa alama: kahawá, majé, shulå, mtï, watõ. Mtu asiyejua hudhani faili limeoza na kulifuta. Anayejua huandika programu fupi ya mistari mitano au sita, inayopita herufi moja baada ya nyingine na kutoa 128 kila inapokuta namba iliyozidi 127, naye husoma barua kama ilivyoandikwa.